Sauti Yangu Ilikuwa Mbali na Maiki

Wiki niliyokabidhi vifaa vyangu vya kazi, mafundi sauti wawili vijana walinifuata nyumbani Mlali wakiwa na daftari jipya. Walitaka niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukirekodi filamu zamani, na wapi tulikosea, ili wao wakosee kwingine. Nililipokea. Nimekaa nalo miezi kadhaa. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mkaaji mmoja, hivyo siwezi kusingizia kelele wala kukosa nafasi. Kilichonichelewesha ni kwamba kila nilipoanza kueleza kazi nilifika kwenye jambo ambalo sijapata kumsimulia mtu, na nikiliondoa hilo, yanayobaki ni habari za betri na nyaya.

Basi nitaliandika pamoja na betri na nyaya zake. Vyeo nitaviruka. Nilipata viwili, na kila kimoja kilikuja na ufunguo mwingine wa stoo.

Nilianza kazi Morogoro mjini nikiwa na miaka ishirini, kwenye kitengo kilichokuwa kikitengeneza filamu za kufundishia wakulima. Niliajiriwa kuwa karani wa kupanga kanda kwenye rafu. Siku ya kwanza, kabla sijaoneshwa hizo rafu, fundi sauti mkuu, Mzee Pankrasi, alinikuta nimesimama uani. Akanivalisha hedifoni zilizokuwa bado na joto la masikio yake, akanyoosha maiki upande wa milimani, akaniuliza nasikia nini. Nikamjibu sisikii kitu. Akanipa karatasi na penseli, akasema niandike hicho kitu, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi nilikuwa nimeandika mambo kumi na manane: bomba linalovuja, mtu anayefagia nyumba ya tatu, njiwa kwenye bati, kijiko cha Mzee mwenyewe kikigonga kikombe kule kantini. Akaisoma karatasi yote. Akaniuliza tu kama nina mgongo imara, maana mashine ya kurekodia ya siku zile ilikuwa nzito kama debe la mahindi. Jumatatu iliyofuata nikawa msaidizi wake.

Mzee Pankrasi alifundisha kwa kutenda na kununa. Ukifika mahali, alisema, rekodi kwanza kimya chake, dakika nzima, kabla hujaruhusu mtu azungumze, kwa sababu kimya cha Mlali si kimya cha Mgeta, na ukivichanganya kwenye filamu mtazamaji atahisi amedanganywa ingawa hajui wapi. Tulipopanda Mgeta kurekodi wakulima wa kabichi, alinifundisha kufunga betri kiunoni chini ya khanga, zisife kwa baridi. Upepo tuliuzuia kwa kuivika maiki soksi ya sufu, moja ya jozi aliyokuwa akiivaa. Na alikuwa na sharti ambalo hakumlegezea mtu: kanda ikianza kuzunguka, tangaza, ikisimama, tangaza. Mtu ana haki ya kujua kama anasikilizwa. Nililikariri sharti hilo nikadhani nimelielewa.

Mwaka wa tatu alikuja Yustina. Nimembadilishia jina, langu nimeliacha kama lilivyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Matombo, aliyeazimwa na kitengo ili asome maelezo ya filamu. Siku aliyoingia studio mimi nilikuwa chini ya meza nafunga waya, kwa hiyo nilimjua kwa miguu na sauti kabla ya uso. Studio yenyewe ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Akaketi, akasoma kurasa mbili kuhusu minyoo ya kuku. Alizisoma kama barua iliyoandikwa kwake. Kila mwisho wa ukurasa aliuliza, "Nimesikika?" Nami nilipaswa kuinua kidole gumba kutoka upande wa pili wa kioo. Siku ile nilisahau, akarudia ukurasa mzima bila sababu.

Baada ya miezi michache tulipanga chumba kimoja Mji Mpya. Wafanyakazi wawili wa kike kuchangia kodi halikuwa jambo la kumshangaza mtu, na mama mwenye nyumba alitusifu kwa wapangaji wengine kwamba hatuleti wanaume. Tulikaa hapo miaka minne. Tulikuwa wapenzi. Nimeliandika neno hilo, nimelisoma mara mbili, na dari haijaniangukia.

Watu wakifikiria jambo kama hili hufikiria mambo makubwa. Mimi ninayokumbuka ni Jumamosi, mimi nafua uani na yeye amekaa kwenye kigoda ananisomea gazeti, matangazo ya vifo na yale ya viwanja, yote. Nakumbuka alivyokuwa akinisuka, na jinsi alivyotoa mbegu za papai zote kwa sababu sizipendi, bila kusema. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Mimi nilijibu kwa kutikisa kichwa, au kwa kumjazia kikombe. "Nakupenda" aliniambia mara nyingi, na sikumrudishia hata mara moja. Niliona kumsikiliza kunatosha. Ndiyo kazi niliyoijua.

Ikaja alasiri moja, alipomaliza kusoma ukurasa wa mwisho wa filamu ya kuhifadhi mbegu. Mzee Pankrasi alikuwa na ruhusa siku hiyo, studio ilikuwa mikononi mwangu. Nilivua hedifoni, nikafungua chumba chake, nikabaki palepale mlangoni nikaanza kukunja nyaya. Sikutangaza kwamba kanda imesimama, kwa sababu sikuisimamisha. Ilikuwa inazunguka. Yustina bado alikuwa ameketi mbele ya maiki. Akasema nisichelewe leo, kwamba nisipokuwapo kile kitanda kinakuwa kama cha mtu mwingine, na kwamba ananipenda hata ninaponuna. Nikacheka. Kwa mara ya kwanza, sijui kwa nini siku ile, nikamwambia kwamba nami siwezi kulala bila yeye. Kisha tukazima taa tukatoka.

Kanda ikaenda kwa mhariri asubuhi. Mhariri akaipeleka kwa mkuu wa kitengo.

Mkuu aliniita mimi kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema kwa sababu ningependa sana awe mbaya. Alibonyeza mashine, sauti ya Yustina ikajaa ofisini, kila herufi safi. Kisha ikaja yangu, kama mtu anayezungumza nyumba ya jirani. Hakuna neno lililoshikika.

"Hapa unasema nini?" akaniuliza.

"Sikumbuki, mzee."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anapiga hesabu kwamba msomaji anapatikana popote, lakini fundi sauti hapatikani. Akasema, "Mwanahawa, huyu mwalimu amekuwa akikusumbua?"

Alikuwa amenifungulia mlango, na mimi niliona mlango tu. "Ndiyo," nikasema. "Amekuwa akinisumbua."

Akaandika, nikatia sahihi. Kubadilisha kanda kwenye mashine kulichukua muda mrefu kuliko hilo.

Yustina aliitwa baada ya chakula cha mchana. Niliambiwa baadaye kwamba alisomewa karatasi yangu, akaulizwa kama ana la kujibu, akasema hana. Hakunitaja. Akaondolewa kazini siku ileile. Nilijikawiza kazini hadi ofisi zikafungwa, na nilipofika Mji Mpya upande wake wa chumba ulikuwa mtupu. Shuka zetu zote alikuwa amezifua na kuzianika uani. Nilizianua mwenyewe.

Mzee Pankrasi alikaa wiki nzima bila kunisemesha zaidi ya kazi. Kisha siku moja, tukisafisha vichwa vya mashine kwa spiriti, alisema huku macho yake yakiwa kwenye pamba, "Ile kanda niliisikiliza kabla haijafutwa. Sauti yako ilikuwa mbali na maiki. Ndiyo maana umepona." Tulifanya kazi pamoja miaka tisa baada ya hapo, mpaka akastaafu, na hakulirudia tena. Sikupata kumuuliza kama alisikia nilichokijibu. Masikio yale hayakupitwa na mengi.

Kitengo kilipofungwa nilianza kujitegemea. Nilirekodi filamu za watu wa Dar, mahubiri, michezo ya redio, na harusi nyingi mno, na kwa harusi nina ushauri mmoja tu: mnyang'anye mshereheshaji maiki mapema, kwa sababu lazima ataipuliza. Kwa filamu, fueni khanga na vitenge vipya kabla ya kuficha maiki ndani yake. Wanga wa kitambaa kipya hulia kama mtu anayekunja gazeti. Mwigizaji avue bangili. Jogoo hafukuzwi, anafunikwa kikapu. Jenereta iwekwe nyuma ya ukuta, nyuma ya gari, na nyuma ya kijiji ikiwezekana.

Nilichumbiwa mara mbili nikakataa. Nilipoulizwa, nilijibu kwamba kazi yangu ya safari haitaki mume, na watu walikubali, halafu wakaacha kuuliza, halafu wakaacha kuja. Nilijenga Mlali kwenye kiwanja cha nyumbani. Nilijizoesha kuacha redio ikisema kila nilipofunga mlango kwenda safari, ili nikirudi nikute mtu anazungumza. Betri zilikuwa zinaisha kabla sijarudi. Nilijua zitaisha, mimi ndiye fundi. Niliendelea kuiacha hivyohivyo.

Kazi za Matombo zilinijia mara tatu katika miaka hiyo, na mara zote tatu nilizikataa kwa kusingizia barabara. Barabara ni mbaya kweli, lakini nilipita mbaya zaidi.

Kisha akanipigia simu Salma, mwongozaji wa filamu, dada wa miaka thelathini na kidogo. Tulikutana kwenye hoteli ya chai pale Msamvu. Akanisalimu vizuri, akaagiza supu ambayo hakuila, akazunguka sana kabla ya kufika kwenye habari yenyewe. Filamu yake ilikuwa ya wanawake wawili waliopendana ujanani, mmoja akamkana mwenzake, na sasa uzeeni anarudi kumtafuta. Haitaoneshwa kwenye kumbi za hapa kwetu, alisema, sheria ninaijua. Itakwenda nje. Kikosi kitakuwa kidogo, na asiyetaka jina lake liandikwe halitaandikwa.

"Ukikataa, Bi Hawa, nitaelewa kabisa," akasema. "Wengine watatu wameshakataa."

Nikamuuliza wanapiga picha wapi.

"Matombo. Kuna nyumba tumepata, karibu na misheni."

Niliitazama supu yake ikiganda mafuta. Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Sikujua hata kama Yustina yu hai. Nikasema nitakwenda, ila jina langu wasiliandike.

Tulikuwa watu wanane. Nyumba ilikuwa nzuri kwa macho na mbaya kwa masikio: bati juu, mashine ya kusaga upande mmoja, na barabara ya bodaboda upande wa pili. Tulipanga kurekodi mazungumzo wakati mashine ya kusaga imepumzika. Siku tano za kwanza zilikwenda vizuri. Ya sita tulifika kwenye tukio ambalo mwanamke mzee anaomba radhi. Mwigizaji alikuwa na hotuba ya ukurasa mzima, na aliilia yote. Tulirudia mara saba. Salma aliniuliza sauti ikoje, nikamwambia sauti ni safi. Ilikuwa safi. Lakini niliisikia bila kuiamini hata chembe, na nilimwona Salma naye haamini, akaliahirisha tukio mpaka wiki inayofuata.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulirekodi jambo dogo uani, mwigizaji anachambua mchele peke yake. Kanisani walikuwa wameanza misa, na kipaza sauti chao kilitufikia. Fundi sauti akisikia kitu kama hicho huinua mkono, kazi inasimama. Ndiyo kazi yenyewe. Nilianza kuinua mkono, na kwenye hedifoni akaingia mtu anayesoma somo la kwanza.

Sauti ilikuwa imeshuka, ina mchanga kidogo ndani yake. Lakini alikuwa analisoma kama barua iliyoandikwa kwake.

Mkono wangu ulibaki pale ulipofika. Aliposoma hadi mwisho, mwigizaji alikuwa amechambua sinia nzima, na Salma ameshasema "Kata" mara mbili. Ile rekodi haikufaa kwa lolote. Niliomba radhi, nikasema hedifoni zina tatizo. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anatuletea chai, nilimuuliza anayesoma ni nani.

"Huyo Mwalimu Yustina," akasema. "Haoni vizuri sasa, mtoto wa jicho amemharibu macho. Anasomewa Jumamosi, anakariri, Jumapili anasoma bila kitabu. Anakaa kule juu kwenye midalasini."

Jumatatu ilikuwa siku ya kupiga picha za mandhari, ambazo hazihitaji sauti. Niliomba ruhusa ya nusu siku nikapanda. Njia ni ya dakika arobaini kwa mtu mwenye mapafu. Mimi nilitumia saa nzima na ushee, na sehemu kubwa ya huo muda nilikuwa nimesimama.

Alikuwa ameketi barazani, maganda ya mdalasini yamejaa kwenye ungo mapajani mwake, anayakunja kwa vidole bila kuyatazama. Msichana mtu mzima, mjamzito, alikuwa anaanika pilipili manga kwenye jamvi.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akajibu. Kisha vidole vikasimama. "Hawa."

Ilimtosha neno moja. Yule msichana, ambaye nilikuja kujua ni Agripina, binti wa dada yake, alinisalimu, akaniletea kigoda, akatutazama, akakumbuka ana kazi nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi sana kusema nisamehe. Nilipofungua mdomo, yaliyotoka ni maelezo. Kwamba nilikuwa mdogo. Kwamba mkuu ndiye aliyeleta lile neno, siyo mimi. Kwamba mama alikuwa ananitegemea. Niliyasema yote, na Yustina aliningoja kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ulidhani nimekaa hapa nakungoja?"

Akanieleza, bila haraka, jinsi ilivyokuwa. Alirudi kwenye ardhi ya mama yake, na kwetu Waluguru ardhi inafuata mama, hakuna aliyeweza kumuuliza. Aliwaambia amechoka na mji. Alipanda mdalasini na karafuu. Baada ya miaka kadhaa akaja Tekla, fundi cherehani kutoka ng'ambo ya bonde, kupima nguo ya kwaya, na hakuondoka. Waliishi pamoja miaka ishirini na sita. Watu waliwaita madada. Tekla alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya siku ile, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya migomba, nililipita bila kulijua.

Nitasema ukweli kuhusu nilichohisi. Nilihisi wivu, halafu aibu ya ule wivu. Miaka yote niliyokuwa nikimhurumia, nikimwona amekaa mahali pamoja na jeraha nililompa, yeye alikuwa na mtu wa kula naye. Aliyekaa peke yake ni mimi.

"Kazi haikuniuma," Yustina akasema. "Walimu tunahamishwa. Kilichoniuma ni neno. Mkuu alinisomea karatasi yako: nilikuwa nakusumbua. Nilirudi kwenye kile chumba, Hawa, siku moja baada ya nyingine, natafuta ni wapi nilikusumbua. Sikuwa na neno lako la kushika. Hukuwa unasema. Nikaanza kuamini. Hata Tekla, mwaka wa kwanza, nilikuwa naogopa kumshika mkono, nisije nikawa namsumbua na yeye."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilifikiria mshahara wake, jina lake, safari yake ya kurudi na mizigo. Kwamba nilimchukulia ile miaka minne na kuigeuza kosa lake, hata akiwa peke yake kichwani mwake, sikuwahi kulifikiria.

"Hukunisumbua hata siku moja," nikasema. "Niliandika uongo, na niliujua nilipokuwa nautia sahihi. Nilikupenda."

Sauti yangu haikuwa nzuri. Ilitoka juu mno.

Agripina huko nyuma alikuwa anakata kuni.

"Nimesikia," Yustina akasema. Kisha akaniambia mvua inakuja, nishuke kabla njia haijateleza.

Siku iliyofuata nilimfuata Salma kabla ya kazi. Nilimwambia kwamba mwanamke wake hawezi kuanza kwa kulia. Mtu aliyefanya jambo kama lile, akifika, anaanza kwa kujitetea, na anayemsikiliza hana haja ya kusema mengi. Salma aliniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba nimemsikia mtu. Akatoa kalamu, akafuta ukurasa karibu wote. Tukalirekodi mara mbili. Mara ya pili, kikosi kizima kilisahau kupumua, na hilo najua kwa sababu ningewasikia.

Siku ya mwisho nilimwomba aandike jina langu kwenye filamu. Lote, la baba na la babu.

Nilistaafu baada ya hapo. Mgongo ulikuwa umeshaniomba muda mrefu. Salma aliponipa nakala, niliifungasha pamoja na kompyuta ndogo na spika mbili nzuri, nikapanda gari la Matombo. Sikuwa nimetuma salamu. Yustina aliniruhusu kuingia. Tulifunga madirisha mchana kweupe, Agripina akaenda kukaa barazani, tumbo lake likiwa limeshuka sana, ili azuie wageni.

Yustina hakuiona filamu. Aliisikiliza, ameinamisha kichwa, uso kwenye ukuta. Nimefanya kazi miaka zaidi ya arobaini na sikuwahi kukaa na mtu aliyekuwa anapokea kile tu nilichokifanya mimi. Tulipofika kwenye tukio la kuomba radhi, alinyoosha mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza tena.

"Anajitetea kama wewe. Ni wewe uliyewafundisha?"

"Ndiyo."

"Na huyu mwenzake, mbona anamsamehe upesi?"

"Filamu ilikuwa inakaribia kuisha," nikasema.

Akacheka. Ulikuwa mfupi, ule mcheko, na ulikatika wenyewe. "Mimi sijui kama nimekusamehe," akasema. "Nikijua nitakwambia." Tukaendelea hadi mwisho. Jina langu lilipopita kwenye kioo nilimsomea, kwa sababu hakuliona. Akalirudia polepole, lote, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Nilikuwa nakunja nyaya aliposema kwamba Agripina anashuka Morogoro kujifungua, atakaa huko na mama yake, na Jumapili mbili zijazo masomo ni marefu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumsomea Jumamosi ili akariri. Alisema hivyo kisha akangoja, kama ambavyo zamani nilimngojesha yeye.

"Mimi ni Mwislamu, Yustina."

"Sijakuomba ubatizwe. Nimekuomba usome."

Nikawa napanda kila Jumamosi. Kutoka Mlali ni magari mawili na ile saa nzima ya kupanda. Mimi niliyezoea kukaa upande wa pili wa kioo, nilijifunza kusoma kwa sauti nikiwa na miaka sitini na mitatu. Alinikatiza kila mstari. Nilimeza maneno, nilipumua pabaya, nilishusha sauti mwisho wa sentensi kama mtu anayeogopa kusikika. "Tena," alisema. "Nisogelee, sikusikii." Jumapili asubuhi nilikaa nje ya kanisa, kwenye ngazi za shule, nikamsikiliza akiyatoa yale maneno niliyompa, yakiwa yamenyooka. Kisha nilirudi Mlali peke yangu. Hatukuzungumza habari ya chumba cha Mji Mpya. Siku moja alinipeleka kwa Tekla, tukang'oa magugu.

Jumamosi iliyopita nilifika nikakuta nepi zimeanikwa uani. Agripina amerudi na mtoto wa kike. Nilimpongeza, nikampakata mtoto, nikanywa chai niliyopewa. Misale ilikuwa mezani, imefunguliwa kwenye somo la kesho, na Agripina alikuwa amekaa karibu nayo. Nilielewa. Nikaosha kikombe changu, nikachukua mkoba, nikamwambia Yustina kwamba naona sasa msomaji wake amerudi, mimi niwahi gari.

Alikuwa anakunja mdalasini. Hakuacha.

"Agripina anasoma haraka mno," akasema.

Nikaweka mkoba chini.